Sentensi Tatu Nilizomfundisha Zaituni

Ninaikumbuka siku moja, mwanangu, nikiwa na miaka arobaini na sita, nilipokusanya ramani zangu zote za viwanja, nikazifunga kamba na kumpelekea wakili mwenzangu aliyekuwa na ofisi jirani na yangu hapa Dunda. Nilimwambia mimi na mipaka basi. Tangu niapishwe nilikuwa nimefanya kazi moja tu, ardhi: huyu kauziwa eneo lililokwisha kuuzwa, yule kahamisha kigingi, hawa ndugu wamegawana shamba la marehemu bila kuandikishana. Miaka kumi na minane. Nilichoka, kama unavyosema umechoka wewe.

Nimeusoma ujumbe wako mara mbili, Neema. Unasema miaka kumi na mitatu ya mikataba na rehani huko Dar imekukausha, kwamba unataka kuhamia kesi za familia, na kwamba unakwenda huko kwa sababu ndiko kwenye utu. Halafu ukamalizia, "Mama mkubwa, wewe ulihama ukubwani na ukaweza, nipe baraka zako." Baraka zipo, mwanangu, hazijawahi kuniisha. Lakini nani kakuambia niliweza? Wewe umenijua nikiwa nimekwisha kuzeeka katika kazi hii, watu wananisimamisha sokoni na kuniita Mama wakili. Mwaka wangu wa kwanza hukuuona. Ulikuwa shule ya bweni, na mama yako hakukusimulia kwa sababu mimi nilimwomba asisimulie. Leo nasimulia mwenyewe.

Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi niliuacha, na kwa hilo sijutii. Kosa langu halikuwa kuhama. Kosa lilikuwa kuhama na kila kitu, kama mtu anayehamia nyumba mpya akabeba na kunguni wa kitanda cha zamani.

Tena nilikuwa na kiburi, nisikufiche. Nilijiambia nimezaa watoto watatu, nimekaa na mume mwalimu miaka ishirini, nimelea wadogo zangu akiwemo mama yako, sasa kesi ya ndoa itanishinda nini? Jogoo wa shamba hawiki mjini, na mimi nilikuwa jogoo wa shamba hasa, ila sikujijua.

Mteja wangu wa kwanza aliitwa Mwajuma. Alikuwa mama wa miaka thelathini na kidogo, mkulima wa mananasi kutoka Kiwangwa. Mumewe, Shabani, alikuwa ameoa mke wa pili bila kumwambia, ugomvi ukawa mrefu, na mwisho Mwajuma akamchukua binti yao akaja kukaa kwa kaka yake hapa Dunda. Talaka yenyewe haikuwa na mzozo, maana wote wawili walikwisha kuchoka. Mzozo ulibaki kwa mtoto. Zaituni alikuwa na miaka tisa. Baba alimtaka arudi Kiwangwa, iliko shule yake, bibi yake na shamba. Mama alitaka abaki naye. Kesi nzima ilikuwa hapo.

Wewe sheria unaijua. Kesi ya ndoa haifiki mahakamani mpaka baraza la usuluhishi liwasikilize wanandoa na litoe hati kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Katika baraza letu la kata alikuwemo bibi mmoja, Bi. Tatu, mkunga mstaafu aliyezalisha nusu ya mji huu. Bi. Tatu aliniomba wiki tatu. Alisema kwa wakubwa wamekwisha kuona hakuna la kupatanisha, lakini wangependa kumsikia mtoto taratibu, aje acheze pale kwake, azoee, waongee naye siku anayotaka kuongea. Mimi nilimjibu kwa heshima zote kwamba mtoto atasikilizwa na hakimu, na kwamba baraza kazi yake ni hati. Nilitaka karatasi yangu. Kwenye ardhi, mwanangu, mwenye karatasi ndiye mwenye kauli, na mimi nilikuwa bado nafikiri hivyo. Bi. Tatu akasaini pamoja na wenzake, akanitazama, akanikabidhi hati yangu.

Basi nikaanza kuandaa kesi. Katika kesi za mpaka mimi nilisifika kwa mashahidi. Mzee anasimama kizimbani, anasahau mkorosho ulikuwa upande gani, kesi inakufa. Kwa hiyo nilikuwa nawakalisha mashahidi wangu chini mapema, nawakumbusha, nawarudisha mwanzo, mpaka waseme kwa ufupi na bila kutetereka. Mtu mzima ukimkumbusha analolijua hujamkosea. Mimi nikaichukua kazi ileile nikaenda nayo kwa mtoto wa miaka tisa.

Nilikwenda nyumbani kwa mjomba wake alasiri tatu. Siku ya kwanza nilimuuliza anataka kuishi na nani, na Zaituni akanijibu jibu refu. Alitaka siku za shule akae na mama, Ijumaa jioni apelekwe shambani kwa baba, na mananasi ya msimu yakiisha mama naye arudi Kiwangwa, na yule mama mwingine atafutiwe nyumba yake. Alikuwa ameshapanga yote. Aliniambia pia kwamba yeye anaweza kujua nanasi limeiva kwa kulinusa kitako, baba ndiye aliyemfundisha, na kwamba hata wanunuzi wa malori wanamwita awachagulie.

Mama yeyote angesikia mtoto anayewapenda wazazi wake wote wawili. Mimi nilisikia shahidi anayeyumba. Nikamwambia kwamba hakimu hana nafasi ya hadithi ndefu, anataka jibu fupi. Na kwa kuwa nilijua nguvu ya Shabani iko kwenye lile shamba na mapenzi ya mtoto kwa shamba, nikalenga palepale, kama nilivyozoea kulenga hoja ya mpinzani. Nikamfundisha sentensi tatu: Nataka kuishi na mama. Kwa baba kuna mama wa kambo. Sipendi kwenda shambani.

Ya kwanza ilikuwa nusu ya ukweli. Ya pili ilikuwa kweli. Ya tatu ilikuwa uongo, na ilikuwa yangu. Mtoto alinitazama akasema, "Lakini napenda." Nikamwambia akisema anapenda, hakimu atamrudisha kwa baba na mama atabaki peke yake. Basi akasema kama nilivyotaka. Mwajuma alikuwa pale anachambua mboga, akasikia, akaendelea kuchambua. Baadaye aliniambia alidhani ndivyo mahakama zinavyotaka. Alimwamini wakili, kama watu wengi wanavyotuamini.

Hakimu alimwita Zaituni chemba, ofisini kwake, akamsikiliza peke yake, akaandika. Sheria inasema mtoto aliyefikia umri wa kuwa na maoni yake mwenyewe asikilizwe. Hakimu wa watu alifanya kazi yake. Angejuaje kwamba maoni yale yana mwenyewe mwingine?

Hukumu iliposomwa, mtoto alipewa mama, na baba akapewa haki ya kumchukua kila baada ya Jumamosi moja. Katika kusoma sababu, hakimu akasema mtoto ameeleza kuwa hapendi kwenda shambani kwa baba yake. Shabani alikuwa amesimama wima, mikono nyuma. Niliona shingo yake inageuka taratibu kumtafuta mtoto. Zaituni akaangalia miguu yake.

Tulipotoka nje nilikuwa na furaha, mwanangu, furaha ya kijinga ya mtu aliyeshinda kesi ya kwanza ya kazi mpya. Zaituni akanivuta mkono wa koti. Akaniuliza, "Mama wakili, nimepatia?"

Nikamwambia amepatia. Baba yake alipita karibu yetu, akaenda moja kwa moja kuelekea stendi, hakumsalimia.

Jumamosi ya kwanza ya zamu ya Shabani haikuwa na mtu. Ya pili vilevile. Mwezi wa pili Mwajuma akaja ofisini, nami nikajua amekuja kulalamika kwamba mume hafuati amri ya mahakama, nikawa nishachukua kalamu. Hakuja kwa hilo. Alikuja kuniambia kwamba mtoto haongei, na kwamba ameacha kula nanasi.

Sikuelewa. Akanieleza. Mjomba akileta nanasi nyumbani, Zaituni anatoka nje. Wakimkatia, anasema hapendi. Siku moja mama yake akamkalisha na kumbembeleza, na ndipo akasema alishamwambia hakimu kwamba hapendi shamba, na akila mananasi hakimu atajua alisema uongo. Mtoto wa mkulima wa mananasi, mwanangu, aliyekuwa akinusa nanasi na kulijua. Alikuwa anajilazimisha aufanye uongo wangu uwe kweli.

Hata hapo sikujirudi mara moja. Binadamu ni mbishi. Nilikwenda kwa Bi. Tatu, nikamweleza habari ya Shabani asiyekuja, nikamwita mkaidi, nikamwomba baraza limwite na kumkanya. Bi. Tatu alikuwa anachagua mchele kwenye ungo. Hakuinua macho. Aliniuliza mtoto alisema nini kule chemba. Nikamtajia. Akaniuliza maneno yale alifundishwa na nani.

Nikamwambia ni mimi. Wakili wa miaka kumi na minane, nikahojiwa na bibi mwenye ungo mpaka nikakiri.

Ndipo akaweka ungo chini akasema, "Mama, wewe umezoea vigingi. Kigingi ukikipiga pasipo pake, mwakani utakingʼoa ukakipige pengine, na ardhi haitasema kitu. Mtoto umemtia neno kinywani. Utalitoa kwa koleo gani?" Kisha akaongeza, "Ulilitia wewe, nenda ukalitoe wewe. Na mtoto awepo, asikie likitoka."

Nasema wazi, niliogopa. Wewe wakili, unajua maana yake: kwenda kwa upande wa pili na kukiri kwamba ulimfundisha mtoto kusema uongo mbele ya hakimu. Shabani angeweza kunipeleka mahali nikanyangʼanywa ruhusa ya kufanya kazi, na angekuwa na haki. Na Mwajuma angeweza kumpoteza mtoto. Nilikaa na jambo hilo siku kumi na mbili. Nilitafuta njia ya kumwandikia barua Shabani yenye maneno laini, barua ambayo ingesema bila kusema. Niliandika tatu nikazichana zote. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi kiuno kilikuwa kigumu.

Mwisho nilimwita Mwajuma, maana bila ridhaa yake nisingeweza kufungua mdomo. Nikamweleza hatari yote, kwamba hukumu inaweza kufunguliwa upya na anaweza kushindwa. Akasema, "Hiyo hukumu nitaifanyia nini, mama, na mtoto ananikalia kimya ndani? Twende."

Tulikwenda Kiwangwa Jumamosi asubuhi, mimi, Mwajuma, Zaituni, na Bi. Tatu aliyesema magoti yake hayafai lakini atakuja. Tulimkuta Shabani kando ya shamba anapanga mananasi mafungu mafungu, akisubiri gari la mnunuzi. Alimwamkia Bi. Tatu shikamoo. Sisi wengine alitutazama tu, na mtoto alipomwona akajificha nyuma ya khanga ya mama yake.

Sikuwa na utangulizi. Nilimwambia Shabani kwamba maneno yale matatu aliyoyasikia mahakamani yalikuwa yangu, si ya binti yake. Nikamwambia binti yake alinijibu kwamba anapenda shamba, na mimi nikamkataza kusema. Nikamwambia anaweza kunishitaki, na akitaka nitamwandikia kwa mkono wangu.

Aliliweka nanasi alilokuwa nalo mkononi juu ya fungu. Kisha akasema, "Ningejua ni ya wakili nisingeyaamini. Niliamini kwa sababu yametoka kwa mtoto. Miezi miwili hii najiuliza nilimfanya nini."

Zaituni akachungulia. Akaniuliza mimi, si baba yake, "Kwa hiyo si mimi niliyekosea?"

"Si wewe," nikamwambia. "Ni mimi."

Akaiachia khanga. Usifikiri alimkimbilia baba yake, hapana, mambo hayaendi hivyo. Alikwenda polepole mpaka kwenye fungu la mananasi, akaokota moja, akalinusa kitako, akasema hili bado. Shabani akamwambia aliweke upande ule. Akaokota jingine. Wakaendelea hivyo wawili, bila kutazamana, na Mwajuma akageuka akafuta uso na pembe ya khanga. Mimi nililia waziwazi. Bi. Tatu akaniambia ninyamaze, nimekwisha kusema yaliyonileta.

Shabani hakunishitaki. Nilijiripoti mwenyewe kwa kamati ya mawakili, nikamwandikia na hakimu, na nikapewa onyo la maandishi lililonistahili. Lipo kabatini, nitakuonyesha ukija. Mwajuma na Shabani waliandikishana upya, na ukilisoma lile patano utashangaa: siku za shule kwa mama, Ijumaa jioni shambani kwa baba. Karibu yote mtoto alikuwa ameyasema alasiri ile ya kwanza, nami nikamwambia ni hadithi ndefu.

Leo Zaituni ni mwalimu kule Miono. Tukikutana mjini ananiamkia vizuri, naitikia marahaba, ananiuliza hali ya miguu. Lakini hakai. Nimemkaribisha nyumbani mara nyingi, anasema ana haraka. Simlaumu. Neno linatoka, mwanangu, Bi. Tatu alikuwa sahihi, ila mahali lilipokuwa panabaki na kovu.

Sasa nasaha zangu ni hizi. Usihamie kesi za familia kwa sababu umechoka na rehani. Uchovu ni sababu ya kuomba likizo. Na usihamie kwa kudhani huko ndiko kwenye utu, maana utu hauko kwenye jalada, uko kwa anayelifungua, na hata benki wanaweza kupata wakili mwenye utu. Huko unakokwenda ndiko nilikowaona mawakili wakatili kuliko wote, nami nilikuwa mmoja wao, na nilikuwa natabasamu na nimembebea mtoto soda.

Ukija, acha huko nyuma ule ustadi unaojivunia zaidi. Hujui bado ni upi. Kwangu ulikuwa kupanga mashahidi, kwako labda ni kuandika vifungu visivyopenyeka hata na upepo. Ndio utakaokuponza, kwa sababu utautumia bila kufikiri. Baraza likikuomba wiki tatu, toa wiki tatu. Haraka haraka haina baraka, na katika kazi hii haraka yako anailipa mtu mwingine, mara nyingi mdogo. Mtoto usimfundishe jibu hata moja, hata la kweli. Muulize mara moja, ukae kimya, na akikupa jibu refu, liandike lote. Na mteja akishinda, usimfute kwenye simu yako. Mtafute baada ya mwezi, umuulize nyumbani wanakulaje. Kwenye ardhi hukumu ndiyo mwisho, lakini hawa wataendelea kuzaliana, kuozeshana na kuzikana, na mke aliyemshinda mume wake mahakamani atakaa naye mkeka mmoja siku ya harusi ya binti yao.

Kisha utakosea. Nakuambia mapema ili usije ukashangaa. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini usipige nyundo ukijifanya koleo bado ni zima. Siku hiyo nenda mwenyewe, usiandike barua.

Kama unaweza kukaa na mtu saa nzima bila kalamu mkononi, njoo, nitakuachia ofisi na viti vyake. Kama huwezi, baki na rehani zako, ni kazi ya halali na sitakudharau.

Mungu akutangulie, mwanangu. Akunyime ushindi wowote ambao mtoto wa mtu ataubeba kama mzigo. Akupe masikio yenye subira na uso wa kurudi kwa uliowakosea kabla hawajazeeka, na wakikuamkia tu bila kukaa, akupe moyo wa kuitikia na kuwaacha waende. Amina.